Matairi ya Baridi kwa Theluji na Barafu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa dereva anayejiandaa kuendesha mahali ambapo barabara hufunikwa na theluji au huganda barafu, awe anakutana na hali hiyo kwa mara ya kwanza au ameizoea lakini bado ana maswali. Majibu mengi yatarudi kwenye jambo moja, kwa hiyo tuliseme mapema: tairi la baridi lipime kwa jinsi linavyokusimamisha. Kuondoka mahali ni kazi ndogo.

Matairi ya baridi yana nini ambacho matairi mengine hayana?

Kwanza ni mpira wenyewe. Mpira wa tairi la kiangazi umechanganywa ili uvumilie lami ya moto. Baridi ikizidi hukakamaa, na mpira uliokakamaa hauwezi kujibana na vijishimo vidogo vya barabara. Tairi la baridi lina mchanganyiko mwingine, mara nyingi wenye silika nyingi (unga wa madini ya mchanga), unaobaki laini hata maji yakiganda. Asubuhi ya baridi kali, bonyeza matairi ya aina zote mbili kwa ukucha wa kidole gumba. Moja linabonyea, jingine linagoma.

Pili ni mikato. Litazame tairi la baridi kwa karibu: kila kibonge cha mpira kinachogusa barabara kimechanwa mikato myembamba, mingi ikienda kwa mawimbi. Ukikipinda kibonge kwa kidole, mikato inafunguka na kila mmoja unatoa ukingo wake. Ndivyo inavyokuwa pia gari likiwa linatembea: kingo hizo zote zinang'ang'ania barafu, na nafasi kati yake inanyonya utando mwembamba wa maji ulio juu yake. Wazo hili lina umri wa kutosha. John Sipe alipata hataza yake ya mikato ya namna hii Marekani mwaka 1923.

Tatu ni mifereji mipana na yenye kina. Dereva mgeni akiona theluji imejaa kwenye mifereji hudhani tairi limeziba na limeacha kufanya kazi. Kumbe theluji hushikamana na theluji kuliko inavyoshikamana na mpira. Ile iliyoshindiliwa kwenye mifereji inakamatana na ile ya barabarani, na hapo ndipo nguvu ya kusukuma na kusimamisha inapotoka. Kwenye rojo la theluji inayoyeyuka, mifereji hiyohiyo hutoa maji pembeni ili tairi lisielee.

Tairi la kwanza lililoundwa mahsusi kwa majira ya baridi lilitoka Ufini mwaka 1934, kwa ajili ya malori, na lile la magari madogo likafuata mwaka 1936. Kwa hiyo hapa tunazungumzia ujuzi wa miongo mingi, wala si mtindo wa biashara ulioibuka juzi.

Mbona kila mtu anataja nyuzijoto 7?

Kwa sababu takriban kwenye nyuzijoto 7 za Selsiasi kushuka chini, mpira wa kiangazi huanza kupoteza ulaini wake na tairi la baridi huanza kufaa zaidi. Usiichukulie namba hii kama mpaka uliochongwa kwenye jiwe. Kwenye lami kavu yenye nyuzi 5, tairi zuri la kiangazi bado linaweza kusimama vizuri. Lakini nyuzi 5 za mchana zinaweza kuwa nyuzi 2 chini ya sifuri saa kumi na moja alfajiri unapotoka kwenda kazini, na hapo lami iliyokuwa na maji imeshaganda. Kinachokuhusu ni baridi ya saa unayoendesha.

Gari langu ni 4WD. Bado nayahitaji?

Ndiyo, na pengine kuliko mwenye gari dogo, kwa sababu gari lako litakudanganya.

Gari linalosukumwa na magurudumu yote manne huondoka kwenye theluji kwa urahisi mno. Unakanyaga mafuta, linakwenda, unaona barabara ni salama. Ila kila gari lina breki kwenye magurudumu manne, hata lile dogo linalosukumwa na magurudumu mawili. Ukifika wakati wa kusimama, 4WD haikuongezei kitu, na kama gari lako ni zito na refu, una mzigo mkubwa zaidi wa kuzuia. Kwenye kona ni hivyo hivyo: kinachokushikilia barabarani ni vile vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa kiganja hivi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kwenye lami kavu gari huhitaji kama mita 12 kusimama tangu breki ziliposhika. Kwenye theluji iliyoshindiliwa, umbali huo unafika karibu mita 40. Kwenye barafu tupu unaweza kukaribia mita 100. Hapo bado hujahesabu sekunde moja ya kushtuka na kuhamisha mguu, ambayo peke yake inakula mita 14. Mwongozo wa udereva wa Uingereza unaonya kwamba kwenye barafu umbali wa kusimama unaweza kuwa hata mara 10 ya ule wa kawaida. Matairi ya baridi hayaifuti hesabu hiyo, lakini yanapunguza mita, na mita chache ndizo zinazotenganisha gari lako na mtoto anayevuka.

Naweza kufunga mawili tu, kwenye magurudumu yanayosukuma?

Usifanye hivyo. Hili ndilo ombi ambalo fundi mwaminifu wa matairi anapaswa kulikataa.

Chukua gari linalosukumwa na magurudumu ya mbele. Umefunga mawili ya baridi mbele, nyuma umeacha ya kiangazi. Kuondoka linaondoka vizuri, hata kilima linapanda. Kisha unashuka mteremko wenye kona, unagusa breki, mbele inashika na nyuma haishiki. Mkia unakupita. Gari linageuka kutazama ulikotoka, na dereva wa kawaida hana muda wa kulirudisha. Ukigeuza mpango, ya baridi nyuma na ya kiangazi mbele, utazungusha usukani na gari litaendelea kunyooka kuelekea mtaroni.

Yafungwe manne, ya aina moja, yaliyochakaa kwa kiwango kinacholingana. Kama mawili yamechakaa kidogo kuliko mengine, yale yenye mifereji ya kina zaidi yaende nyuma, hata kama gari linasukumwa na magurudumu ya mbele.

Nitatambuaje tairi la baridi la kweli?

Angalia ubavuni. Tafuta mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Alama hiyo ina maana kwamba tairi limejaribiwa kwenye theluji, likalinganishwa na tairi la kipimo, na kufaulu.

Herufi M+S (kifupi cha Kiingereza cha "matope na theluji") ni habari nyingine. Mtengenezaji huziweka kwa kutazama muundo wa mifereji, bila kulazimika kulijaribu tairi kwenye theluji. Matairi mengi ya magari ya juu yana M+S huku mpira wake ukikakamaa kwenye baridi sawa na wa kiangazi. Ukiona M+S peke yake, bila mlima, usilihesabu kuwa tairi la baridi.

Kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: alama ya mlima inahusu theluji, haithibitishi chochote kuhusu barafu. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2021, lebo ya tairi jipya inaweza kuwa na alama mbili tofauti, moja ya theluji na nyingine ya mshiko kwenye barafu. Kama unakoishi barabara huwa na barafu wiki nenda wiki rudi, itafute hiyo ya pili.

Kwa hiyo matairi ya baridi nayo yana aina zake?

Yana aina, na hapa ndipo watu hununua kitu kizuri kisichowafaa. Aina ya kwanza imeundwa kwa baridi ya Ulaya ya kati: mvua nyingi, rojo, theluji ya siku mbili tatu, kisha lami tupu na mwendo wa kasi kwenye barabara kuu. Mpira wake ni laini kiasi na hutoa maji vizuri. Aina ya pili ni ya nchi za kaskazini, isiyo na njumu (vipande vya chuma kwenye mpira), yenye mpira laini zaidi na mikato mingi zaidi, kwa ajili ya barafu na theluji ya miezi. Ya tatu ni ya njumu. Aina ya kaskazini ukiipeleka kwenye lami yenye mvua na nyuzi 8 utaliona gari linayumba na umbali wa kusimama unaongezeka. Ya Ulaya ya kati ukiipeleka kwenye barafu ya Lapland, kaskazini kabisa mwa Ulaya, itakuangusha. Zote zina alama ya mlima, hivyo muulize muuzaji moja kwa moja: hili ni la baridi ya wapi?

Nichague yenye njumu au yasiyo na njumu?

Njumu ni vipande vidogo vya chuma vilivyopandikizwa kwenye mpira, vinavyojitokeza kidogo na kuchimba barafu. Ubora wake unaonekana zaidi kwenye barafu yenye unyevunyevu, pale joto linapocheza karibu na sifuri. Hali hiyo ndiyo yenye utelezi kuliko zote, kwa kuwa barafu ina utando wa maji juu yake. Wengi hudhani baridi ikizidi ndipo utelezi unazidi. Ukweli ni kwamba barafu ya nyuzi 20 chini ya sifuri ina mshiko kuliko ya nyuzi 1 chini ya sifuri, na kwenye baridi hiyo kali tairi bora lisilo na njumu hulisogelea sana la njumu.

Njumu zina gharama zake. Kwenye lami tupu zinapiga kelele safari nzima, na mara nyingi gari huchelewa kusimama. Zinachimba barabara na kutoa vumbi linaloingia mapafuni mwa watu. Nchini Japani vumbi hilo lilileta malalamiko makubwa katika miji kama Sendai na Sapporo, hadi sheria ya kuzuia matairi ya njumu ikapitishwa mwaka 1990. Ujerumani imeyapiga marufuku karibu nchi nzima. Stockholm iliyakataza kwenye mtaa wa Hornsgatan mwaka 2010, na Oslo huyatoza ada.

Msimamo wetu ni huu. Ukiishi kijijini ambako barabara haikwanguliwi theluji ikaisha, kuna vilima, na joto hupanda na kushuka karibu na sifuri majira yote, chukua ya njumu kama sheria inaruhusu. Ukiishi mjini ambako barabara husafishwa na kumwagwa chumvi, huhitaji njumu. Chukua tairi zuri la kawaida la baridi, na majirani zako wavute hewa safi.

Ukichukua ya njumu, kilomita mia kadhaa za mwanzo endesha taratibu, bila kuondoka kwa nguvu wala kufunga breki kwa ghafla pasipo sababu, ili njumu zikae vizuri kwenye mpira.

Matairi ya misimu yote hayatoshi?

Yanatosha kwa baadhi ya watu. Kama theluji huanguka mara chache kwa mwaka, barabara zinasafishwa upesi, na siku ya hali mbaya unaweza kuliacha gari nyumbani, tairi la misimu yote lenye alama ya mlima ni chaguo la busara. Lina ulaini wa wastani, kwa hiyo kwenye barafu huzidiwa na la baridi, na kwenye joto kali huzidiwa na la kiangazi. Kwa muuguzi mwenye zamu ya usiku asiyeweza kupiga simu na kusema leo siji, hatulipendekezi.

Sheria inasema nini?

Inategemea nchi, na hata mkoa. Quebec nchini Kanada inayalazimisha kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15, hata siku ambayo jua linawaka. Uswidi inayataka kuanzia Desemba 1 hadi Machi 31 hali ya barabara ikiwa ya baridi, na Ufini kuanzia Novemba hadi mwisho wa Machi hali ikilazimu. Austria ni Novemba 1 hadi Aprili 15, kwa masharti kama hayo. Ujerumani haina tarehe: barabara ikiwa na theluji, rojo au barafu, huruhusiwi kuendesha bila matairi yanayofaa, na tangu Oktoba 2024 inayatambua yale yenye alama ya mlima pekee. Ufaransa, katika maeneo ya milima yaliyotajwa, inataka matairi ya baridi au minyororo kuanzia Novemba 1 hadi Machi 31.

Kama safari yako inavuka mpaka, fuata sheria ya nchi unayoingia. Kwamba gari limesajiliwa kwingine si kinga. Zingatia pia kwamba baada ya ajali, kampuni ya bima inaweza kuuliza gari lilikuwa na matairi gani.

Mifereji ikibaki na kina gani ndiyo mwisho?

Kiwango cha chini kabisa cha kisheria kwa matairi ya magari madogo katika nchi nyingi za Ulaya ni milimita 1.6, lakini kwa theluji hicho ni kipara. Uswidi, Norwei na Ufini zinataka angalau milimita 3 majira ya baridi, Austria inataka 4. Sisi tunasema 4, kwa sababu chini ya hapo mifereji haibebi theluji ya kutosha na mikato mingi inakuwa imefika mwisho wake. Kinunue kipimo cha kina, ni kifaa kidogo cha bei ndogo, na upime sehemu kadhaa za tairi, ndani na nje, maana tairi linaweza kuwa zuri upande unaouona na kipara upande wa ndani.

Na umri? Vipi kuhusu matairi yaliyotumika?

Ubavuni kuna maandishi yanayoanza na DOT, na mwishoni tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Ukisoma 3823, tairi lilitengenezwa wiki ya 38 ya mwaka 2023. Mpira hukakamaa kadiri miaka inavyopita hata kama tairi limekaa stoo, na tairi la baridi lililopoteza ulaini limepoteza sababu ya kuwepo. Matairi yaliyotumika yanaweza kuwa na mifereji mizuri na mpira uliokufa. Kabla ya kulipa, soma tarehe kwenye kila moja, kwa kuwa manne huuzwa pamoja yakiwa na umri tofauti. Angalia nyufa ubavuni, pitisha mkono ndani kutafuta viraka, na ubonyeze mpira. Zaidi ya miaka sita, sisi tungeyaacha.

Nifunge lini, nitoe lini?

Funga kabla ya theluji. Siku theluji ya kwanza inapoanguka, simu za mafundi wote hazishikiki, na wewe unakuwa barabarani na matairi ya kiangazi pamoja na mamia wengine wenye hali kama yako. Asubuhi zikianza kushuka chini ya nyuzi 7 mfululizo, panga miadi. Watu wa Ujerumani wana kanuni nyepesi ya kukumbuka: kuanzia Oktoba hadi Pasaka. Kwa kaskazini zaidi, subira ya kutoa iwe ndefu, maana theluji ya Aprili huwakuta wengi wameshatoa.

Kwa nini nisiyatumie mwaka mzima?

Kwenye lami ya moto mpira wake laini unalegea, gari linayumba kwenye kona, na unasimama mbali zaidi kuliko mwenye tairi la kiangazi. Vilevile yanaisha upesi, na msimu ujao utaingia kwenye barafu na vipara.

Ninunue rimu za pili?

Kama unaweza, ndiyo. Kulivua na kulivisha tairi kwenye rimu mara mbili kwa mwaka huchosha kingo zake, na ukiwa na seti kamili unaweza kubadilisha mwenyewe kwa jeki na spana. Ukubwa ufuate unaoruhusiwa na kitabu cha gari. Mara nyingi kitabu huruhusu tairi jembamba kidogo kwenye rimu ndogo kidogo, nalo kwenye theluji nzito huwa na faida kwa kuwa linaikata badala ya kupanda juu yake. Namba ya mzigo isiwe chini ya ile inayotakiwa na gari. Herufi ya mwendo (Q ni kilomita 160 kwa saa, T ni 190, H ni 210) baadhi ya nchi huiruhusu iwe ya chini kuliko uwezo wa gari, mradi dereva asiuvuke mwendo huo.

Tairi likiwa na mshale, uelekee mbele gurudumu linakozungukia. Baada ya kilomita 50 hadi 100 kaza nati tena. Ni dakika tano, na gurudumu lililolegea barabarani ni hatari kuliko barafu yoyote.

Upepo nijaze kiasi gani?

Kile kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni, ukipima matairi yakiwa yamepoa. Upepo hushuka takriban bar 0.1 kwa kila nyuzi 10 joto linaposhuka. Ukijaza ndani ya gereji yenye nyuzi 20 kisha ukatoka nje kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, umepoteza bar 0.3 bila tundu lolote. Ndiyo maana taa ya onyo la upepo huwaka asubuhi ya kwanza ya baridi. Pima kila baada ya wiki chache. Na usipunguze upepo kwa makusudi ukitafuta mshiko, ushauri huo ni wa mchangani.

Minyororo je?

Minyororo ni ya mteremko mkali au njia ya mlimani yenye theluji nzito. Inafungwa kwenye magurudumu yanayosukuma, mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, na ukifika kwenye lami tupu unaivua. Alama ya duara la bluu lenye tairi na mnyororo inamaanisha huwezi kuendelea bila hiyo, isipokuwa maelezo chini ya alama yanasamehe aina fulani za magari. Jizoeze kuifunga mchana, nyumbani, mikono ikiwa na joto. Usiku, kando ya barabara, vidole vimekufa ganzi na malori yanapita, si mahali pa kusoma maelekezo.

Nimeshafunga. Sasa naendeshaje?

Kila kitu kifanyike polepole na kimoja kimoja. Tairi lina kiasi fulani cha mshiko tu. Ukilitaka lifunge breki na kugeuka kwa wakati mmoja, kwenye barafu halitafanya hata kimoja vizuri. Punguza mwendo wakati gari bado limenyooka, achia breki, kisha ingia kona. Ondoka kwa mafuta kidogo, na kama gia ni za mkono jaribu gia ya pili. Ukishuka mlima, weka gia ndogo mapema.

Kati yako na gari la mbele acha nafasi kubwa. Chagua alama barabarani, gari la mbele likiipita anza kuhesabu sekunde. Kwenye lami kavu tatu zinatosha. Kwenye barafu tafuta nane hadi kumi. Mtu akijipenyeza katikati, rudi nyuma tena bila hasira.

Jihadhari zaidi na mita za mwisho kabla ya taa za barabarani. Magari mengi yamefunga breki hapo, magurudumu yamesugua theluji mpaka ikawa barafu inayong'aa, kwa hiyo mahali unapohitaji kusimama ndipo penye mshiko mdogo kuliko kote. Anza breki mapema kabla hujafika hapo. Madaraja nayo huganda kwanza, kwa sababu hewa ya baridi hupita juu na chini yake. Sehemu zenye kivuli cha miti hubaki na barafu mchana wote. Lami inayoonekana imelowa tu, wakati kipimajoto kiko sifuri na magari ya mbele hayarushi maji, ichukulie kuwa ni barafu.

Kabla hujaondoka, pangusa theluji yote, pamoja na ya juu ya paa. Ukifunga breki, ile ya paa inashuka yote mbele ya kioo chako.

Na mahali penye nafasi, pasipo na watu wala magari, jaribu breki kwa mwendo wa kilomita 20 ili mguu wako ujue barabara ya siku hiyo ikoje. Hali ya jana haikuambii chochote kuhusu leo.

Gari likianza kuserereka?

Ondoa mguu kwenye mafuta. Kama ni mbele inayokwenda moja kwa moja ingawa umegeuza usukani, usiongeze kugeuza. Urudishe kidogo na usubiri magurudumu yashike. Kama ni mkia unaochomoka, tazama unakotaka kwenda na elekeza usukani huko, bila kugusa breki. Kwenye gia za mkono kanyaga klachi. Macho ni muhimu hapa: ukikodolea nguzo, mikono inalipeleka gari kwenye nguzo.

Ukilazimika kusimama ghafla na gari lina ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasikwame breki zinapokanyagwa), kanyaga breki kwa nguvu zote na usiachie. Pedali itatetemeka na kutoa mlio, na madereva wengi hushtuka wakaachia hapohapo. Huo mtetemeko ndio mfumo unafanya kazi, na bado unaweza kugeuza usukani kukwepa. Kwenye theluji laini ABS inaweza kurefusha kidogo umbali wa kusimama, lakini uwezo wa kukwepa una thamani zaidi.

Nimekwama, magurudumu yanazunguka bure.

Acha kukanyaga. Kila mzunguko unayeyusha theluji na kuigandisha upya kuwa barafu chini ya tairi. Chimba mbele na nyuma ya magurudumu kwa koleo, mwaga mchanga, nyoosha usukani, kisha lisogeze mbele na nyuma kwa upole. Mfumo wa kuzuia magurudumu yasizunguke bure unaweza kuzimwa kwa muda huo, halafu uuwashe tena mara tu ukitoka.

Ukilazimika kusubiri msaada ukiwa na injini inayowaka, toka kwanza uondoe theluji kwenye bomba la moshi, na urudie kila baada ya muda kama theluji inaendelea kuanguka. Bomba likiziba, hewa ya kaboni monoksidi huingia ndani ya gari. Haina rangi wala harufu, na imeua watu waliokuwa wanajipasha moto. Ndani ya gari kuwe na koleo, mchanga kidogo, blanketi, tochi, na simu yenye chaji.

Gari la umeme lina tofauti?

Lina tofauti mbili. Ni zito, kwa hiyo angalia kwa makini namba ya mzigo ya tairi. Pili, ukiondoa mguu kwenye mafuta linajipunguza mwendo lenyewe kwa kutumia mota, na nguvu hiyo huenda kwenye magurudumu yanayosukuma tu. Kwenye barafu, kama yanayosukuma ni ya nyuma, mkia unaweza kuchomoka hata hujagusa breki. Ipunguze nguvu hiyo kwenye mipangilio siku za utelezi.

Nikishayatoa, niyahifadhije?

Yaoshe chumvi na uchafu, yakauke, uandike kwenye kila moja lilikuwa gurudumu gani. Yaweke mahali pakavu, penye ubaridi na giza, mbali na mafuta na mota za umeme. Yakiwa na rimu yalaze moja juu ya jingine au yaning'inize. Yasipokuwa na rimu yasimamishe wima, na uyazungushe kidogo mara kwa mara ili yasibonyee upande mmoja. Pima mifereji siku hiyohiyo unayoyatoa. Kama iko chini ya milimita 4, una miezi kadhaa ya kutafuta mapya kwa utulivu kabla ya foleni ya mafundi kuanza.